Mpiga Picha Anapokata Tamaa: Neno kwa Familia na Misikiti

Hapa Majimoto, katika bonde la Rukwa, ndoa hufuata mpunga. Mavuno yakishaingia ghalani wazazi hupata cha kulipia mahari na cha kupikia karamu, na ikifika Ijumaa msikitini hufungwa akdi mbili, pengine tatu, kabla ya watu kutawanyika. Kila mmoja katika shughuli hiyo anajulikana kwa nafasi yake: walii, mashahidi wawili, bwana harusi, shehe anayesoma hotuba. Lakini yupo mtu mmoja ambaye jina lake haliandikwi katika cheti cha ndoa, naye ndiye atakayetafutwa miaka ishirini baadaye mjukuu akitaka kujua sura ya babu ilikuwaje siku ile. Huyo ni mpiga picha.

Tumeona tuandike juu yake katika kurasa hizi za familia kwa sababu kazi yake ina huzuni ambazo hata watu wa nyumba yake hawazioni. Mkulima akikosa mvua, kijiji kizima kinajua. Fundi mwashi ukuta wake ukianguka, kila mpita njia anaona kifusi. Picha ikipotea, au ikikataliwa, hakuna kifusi cha kuonesha. Mwenyewe hurudi nyumbani na begi lile lile alilotoka nalo, na wengine hudhani siku yake ilikuwa njema.

Miongoni mwa vijana wa jamaa yetu yupo mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa ameturidhia tuyaeleze haya, aliyenunua kamera iliyokwisha kutumika kwa fedha za misimu miwili ya mpunga. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alipiga picha za akdi, za khitma, za watoto wa madrasa, na picha ndogo za paspoti kwa watu wanaofuatilia vitambulisho. Kisha, ndani ya miezi michache, mambo matatu yakamfika. Memori kadi iliyobeba picha za ndoa nzima iligoma kusomeka, ikambidi arudishe malipo na kusimama mbele ya baba wa bibi harusi bila hata picha moja ya kumpa. Hajamaliza kuona haya ya jambo hilo, shindano moja la picha alilopeleka kazi zake tano likamjibu kwa mistari miwili tu, bila kueleza kasoro ilikuwa wapi. Na katika harusi iliyofuata mwenye shughuli alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba safari hii wageni watapiga kwa simu zao. Akaifunga kamera katika kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku la mama yake chini ya kanga, akarudi shambani.

Kurudi shambani si aibu; bonde hili lote linakula kwa jembe. Lakini mama yake alikuja kwetu baada ya swala ya alasiri akasema, "Ustadhi, mwanangu haumwi, lakini hayupo." Baba mdogo wa kijana naye alikuwa na lake. Yeye alikwisha kusema tangu mwanzo kwamba kamera si kazi, na kila jioni alikuwa akilikumbusha neno hilo, kwa mapenzi yake ya mzazi, kama mtu anayetia chumvi kwenye kidonda akidhani anakisafisha.

Jambo la kwanza linaloujia ulimi wa mtu wa msikitini katika hali kama hiyo ni kusema: subiri. Ni neno tukufu, na hatuna lililo bora kuliko hilo. Lakini tumeona mara nyingi linatumiwa ili kumfunga mtu mdomo badala ya kumtuliza. Nabii Yaaqub (A.S.) anasimuliwa katika Surat Yusuf kuwa ni mwenye subira njema, na katika sura hiyo hiyo tunaambiwa kwamba macho yake yalipofuka kwa huzuni. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim. Basi huzuni haitoi mtu katika subira. Kinachomtoa ni kulalamikia hukumu ya Mola wake, na kijana huyu hakulalamika, alinyamaza tu.

Wapo pia wanaokimbilia kusema kwamba kadi imeharibika kwa kuwa picha ni haramu, na kwamba msiba ule ni adhabu. Hapa inafaa tuseme kwa uwazi. Suala la picha za kamera lina ikhtilafu ya wanazuoni, nayo ni ya siku nyingi. Wapo waliozikataza kwa ujumla wa hadithi zinazokemea wachora sura. Wapo wengine, akiwamo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, walioona kwamba kamera haiumbi sura bali hukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa na Mwenyezi Mungu, mfano wa kioo. Muislamu ana haki ya kufuata kauli ya mwanachuoni anayemwamini. Hana haki ya kumtafsiria mwenzake msiba kana kwamba ameteremshiwa habari zake.

Ajabu ni kwamba elimu yenyewe inayoifanya kamera ifanye kazi inadaiwa kwa mtu aliyeshindwa vibaya. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965. Wanahistoria wa kale wanasimulia kwamba alipata kusema angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, khalifa al-Hakim wa Misri akamwita Cairo na kumpa kazi hiyo. Akasafiri kwenda kusini kuutazama mto. Alipoona majengo makubwa ya watu wa kale kando ya maji, akatambua kwamba watu waliojua kujenga kiasi kile wangekwisha kuufunga mto huo kama ungefungika. Akarudi mikono mitupu. Na kwa kuwa al-Hakim hakuwa mtawala wa kuambiwa "nimeshindwa," inasimuliwa kwamba alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipokufa mwaka 1021.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu chenye sehemu saba juu ya nuru na kuona. Alieleza kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni, wala si kwa miali inayotoka jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Aliichunguza pia nuru inavyopenya tundu dogo na kuchora sura ukutani ndani ya chumba chenye giza. Neno kamera lenyewe asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Kila mara kijana wa Majimoto anapobonyeza kitufe, nuru hupenya tundu na kuingia katika kachumba ka giza kwa kanuni zile zile. Hatusemi kwamba kila anayeshindwa ataandika kitabu. Tunachokiona ni kwamba Ibn al-Haytham hakurudi kuupigania mto Nile. Alihamisha juhudi yake ikaenda mahali ambapo nguvu zake zilikuwapo kweli.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni wa Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo hapo Dar es Salaam, mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini, akaanzisha kampuni yake ya picha ya Camerapix. Alipiga picha za Hija zilizotoka katika kitabu mwaka 1978. Dunia ilimjua hasa kwa picha za njaa ya Ethiopia, alizozipiga huko Korem zikarushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 pamoja na maelezo ya Michael Buerk. Misaada mingi iliyofuata ilisukumwa na picha zile.

Wanaomtaja Amin kwa kawaida huishia hapo, kwenye sifa. Sisi tunapenda kutazama mwaka 1991. Mwezi Juni wa mwaka huo ghala la silaha liliripuka mjini Addis Ababa alipokuwa kazini. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alifariki pale pale, na Amin akapoteza mkono wake wa kushoto. Kamera za televisheni za zama zile zilikuwa nzito, za kubebwa begani, na zilitaka mikono miwili. Hata hivyo alitengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya namna ya kuishika kamera, akarudi kazini. Aliendelea hadi tarehe 23 Novemba 1996, alipofariki katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mtu anaweza kusema: huyo alikuwa Amin, na huyu wetu ni kijana wa bondeni. Ni kweli, na hatupendi mifano mikubwa itumike kumdhalilisha mwenye msiba mdogo. Lakini ipo tofauti moja inayofaa kuangaliwa na familia. Amin alipopoteza mkono alikuwa na watu waliongoja arudi. Alikuwa na kampuni, na wahariri waliokuwa wakihitaji picha zake. Kijana wetu alipopoteza kadi moja, nani alikuwa anamngoja?

Tulipokaa naye hatukuanza na mawaidha. Tulimwomba atueleze kwa utaratibu kila kilichotokea, na hapo ikadhihirika kwamba mambo yale matatu, ambayo moyoni mwake yalikuwa jabali moja, ni ya aina tatu tofauti kabisa.

La kadi lilikuwa hasara. Katika hasara mtu hutazama kipi kilikuwa mikononi mwake na kipi hakikuwa. Kadi kuharibika hakukuwa mikononi mwake. Lakini kwa kuhangaika aliiingiza tena katika kamera, akaisafisha ili ikubali kusomeka, akapigia picha nyingine juu yake. Wanaozijua kazi hizi husema kwamba kadi ikigoma, picha mara nyingi huwa bado zimo. Kilichoharibika ni orodha inayoonesha zilipo. Mtu akiitoa mara moja asiandike kitu juu yake, fundi wa kompyuta mwenye programu ya kurudisha mafaili huweza kuziokoa, nyingi au chache. Kilichozifuta kabisa ni zile picha mpya. Tena siku ya ndoa inafaa kuwa na kadi mbili, na usiku ule ule, kabla ya kulala, picha zinakiliwa mahali pawili. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, na sisi hatuoni kwa nini kadi iwe nje ya mafundisho hayo.

La shindano lilikuwa hukumu ya watu. Hukumu ya watu huweza kuwa ya haki, na huweza kuwa ya haraka tu. Tuliziomba zile picha tano tukazitazama. Tatu zilikuwa za viboko, alizokwenda kuzipiga Sitalike wakati wa kiangazi, Mto Katuma unapokauka na viboko kusongamana katika madimbwi yaliyobaki. Zilikuwa safi. Lakini viboko wa Katavi wamekwisha kupigwa picha na kila mgeni aliyekuja na lenzi ndefu kuliko mkono wa mtu, na kijana wetu, kwa lenzi yake fupi, alikuwa akishindana nao katika uwanja wao. Picha ya tano ilikuwa ya bibi mmoja akipepeta mpunga alfajiri, na nyuma yake mvuke wa chemchemi za maji ya moto, zilizokipa kijiji chetu jina lake, ukipanda mbele ya mwanga. Sisi si waamuzi wa mashindano, lakini picha hiyo mgeni asingeweza kuipiga, kwa kuwa mgeni hangekuwapo alfajiri ile wala bibi yule asingemkubalia.

Zilikuwapo pia kasoro alizozijua mwenyewe lakini hakupata wa kumweleza sababu zake. Picha zake nyingi za akdi zina nyuso zilizoingia giza. Hili hutokea kwa sababu kamera ikiona kanzu nyeupe nyingi chini ya jua hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zetu nyeusi zikazama. Kinyume chake mabuibui meusi huifanya iongeze mwanga mpaka ukuta ukaungua kwa weupe. Dawa yake ni mpiga picha kuiongezea kamera mwanga kwa mkono wake penye kanzu, na kuupunguza penye mabuibui, au kuwasogeza watu kwenye kivuli cha baraza na kungoja alasiri. Kasoro ya namna hii hufundishika kwa siku moja. Kijana alikuwa ameichukulia kuwa ni upungufu wa kipaji.

La simu janja ndilo gumu zaidi, na hatutaki kumdanganya yeyote. Hiyo ni zama kubadilika, na haitarudi nyuma kwa dua ya kamati. Hata studio zenye majina makubwa zimepita humo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit Oza akairithi. Vizazi viwili vya nyumba moja vilivuka kutoka filamu hadi kompyuta, na kilichoipa studio heshima miaka mingi baadaye ni picha za zamani ilizozitunza. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, hakuwa na vifaa vya kifahari, naye akabuni njia yake ya kuunganisha picha hata zikawa za ajabu. Baadaye wataalamu wa ng'ambo wakafunga safari kuzichunguza na kuziandikia. Mwenye simu anapiga picha mia mbili katika harusi, na simu ikianguka majini zote zimekwenda naye hana habari nazo. Anayetunza ni mtu mwingine. Pengine hapo ndipo riziki ya mpiga picha wa kijijini ilipohamia, kutoka kupiga kwenda kutunza, kuchagua na kusafisha picha za karatasi ambazo bibi ataziweka kabatini.

Kuna hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), inayomtaja muumini mwenye nguvu kuwa ni bora na anapendwa zaidi kuliko dhaifu. Watu wengi huikumbuka sehemu yake ya mwisho, ile inayokataza kusema "lau ningefanya kadha" baada ya jambo kupita, kwa kuwa humfungulia shetani mlango. Sehemu inayotangulia husahauliwa, nayo inaamrisha mtu akipanie kinachomnufaisha, aombe msaada wa Mwenyezi Mungu na asijione ameshindwa. Tulimsomea yote miwili mitatu waliokuwapo, baba mdogo akiwamo. Mzee yule alinyamaza, kisha akauliza kadi mpya inauzwa kiasi gani. Hatukutegemea swali hilo kutoka kwake.

Lipo jambo la mwisho ambalo magazeti mengine hayatalisema, nalo linamgusa mpiga picha Muislamu peke yake. Wakati mwingine picha bora aliyopata kuipiga ni ile asiyoweza kumwonesha mtu. Ni ya bibi harusi ndani, au ya mama akilia mlangoni, na familia imesema isitoke. Msanii huumia. Ameipata mara moja katika miaka mitatu, na lazima aifunge. Sisi tunaiona picha hiyo kuwa ni amana, na amana hairuki daraja kwa sababu ni nzuri; lakini ni haki familia zitambue kwamba zimemtaka kitu kizito, ziseme mapema kabla ya shughuli ipi itoke na ipi ibaki, na zimlipe kwa zile zilizobaki sawa na zile zilizotoka. Kwa upande wa akina mama yafaa wapatikane wapiga picha wa kike. Dada wa kijana wetu ameanza kujifunza, na kwa kweli ana mkono uliotulia kuliko wa kaka yake.

Upande wa msikiti tulijitazama pia. Shughuli nyingi za jamaa hupigwa picha "kwa ajili ya Allah," na anayelitamka neno hilo mara nyingi si yule mwenye kamera. Kujitolea ni kwa mwenye mali kusema mwenyewe. Kamati imekubaliana kwamba picha za mitihani ya madrasa na za shughuli zetu zilipwe, nusu kabla na nusu baada, kwa kiasi ambacho mfuko unaweza, na nakala moja ibaki katika kabati la ofisi pamoja na vitabu vya hesabu.

Kazi ya kwanza tuliyompa haina harusi wala viboko. Ni kukusanya picha za zamani walizonazo wazee majumbani, za waliojenga msikiti na za waalimu wa madrasa waliotangulia mbele ya haki, na kuzipiga upya kabla mchwa na unyevu wa masika hazijazimaliza. Zimekwisha kupatikana kumi na moja. Moja imeliwa pembe yote ya kulia, na jina la aliyesimama hapo hakuna anayelikumbuka, hivyo tunawaomba wasomaji wa Usevya, Kibaoni na Mpanda wenye jamaa waliowahi kuishi Majimoto watazame katika masanduku yao. Atakuwa msikitini kila Jumamosi baada ya adhuhuri, yeye na dada yake, na memori kadi mbili.